Tunza ushahidi wa tiketi yako ya mechi ya watani
Shabiki anayekwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa kutazama mechi ya Simba na Yanga anunue tiketi mapema kwa N-Card (kadi ya kielektroniki ya kulipia kiingilio) yake mwenyewe, kisha ahifadhi ujumbe wa muamala hadi filimbi ya mwisho ipulizwe. Tarehe 8 Machi 2025 mechi hiyo iliahirishwa siku ileile iliyopangwa kuchezwa, ilhali mashabiki wengi, wakiwamo waliosafiri kutoka mikoani, walikuwa wamekwisha kulipa viingilio, na haikuchezwa hadi tarehe 25 Juni. Katika hali kama hiyo, aliyenunua kwa mlanguzi getini hubaki bila kumbukumbu yoyote ya malipo yenye jina lake, jambo linalosikitisha sana kwa sababu huenda amelipa zaidi ya wenzake.

Mwanachama wa klabu aliye hai, yaani aliyelipa ada, asiishie kulalamika jukwaani. Aandike hoja yake kupitia tawi lake la klabu kabla ya mkutano mkuu, akitaja tarehe ya mechi, jukwaa alilolipia na kiasi alichotoa, kwa kuwa uongozi hauwezi kulijibu kijuujuu swali lenye takwimu, hasa likiwa limeungwa mkono na matawi kadhaa.