Kayaki kwa mara ya kwanza Kilifi: ulizia maji kabla ya mikono

Watu wengi wakitaka kujifunza kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha kupiga kafi, wanauliza kama mikono itauma, mimi nawaambia waulizie maji kwanza. Kilifi Creek, mkono wa bahari unaoingia bara kwenye pwani ya Kenya, ni pazuri mno kuanzia, ndani kule hakuna mawimbi makubwa, ila maji yake hayatulii, yanajaa kama masaa sita yakiingia bara halafu yanakupwa masaa sita mengine yakirudi baharini, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, kwa hiyo saa iliyomfaa rafiki yako Jumamosi iliyopita si lazima ikufae wewe leo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mkondo una nguvu kweli, kwa hiyo mgeni ngojea maji mafu, siku za katikati mkondo ukiwa dhaifu. Muulize mvuvi yeyote pale ufuoni, atakwambia bila hata kushika simu.

Ingia asubuhi kabla upepo haujaamka, hasa miezi ya kusi, upepo wa kutoka kusini. Panda kuelekea bara maji yakimalizia kujaa, yakisimama tu geuza urudi. Usianze yakiwa yanakupwa kwa kasi, yatakuvuta mpaka chini ya daraja na kutoka hapo ni bahari kuu.

Chukua kayaki ya kukaa juu, ile yenye vitobo vya kutolea maji. Laifujaketi funga vifungo vyote halafu mwenzako aivute mabegani kwenda juu, ikikufika masikioni ni kubwa, omba nyingine, na usione haya.

Kafi sasa, lile kasia lenye bapa, yaani ncha pana, pande zote mbili. Liweke juu ya kichwa, sogeza mikono mpaka viwiko vikunje pembe mraba, hapo ndo pa kushika, na usilikabe. Kaa wima, magoti yakunje kidogo. Chovya bapa karibu na vidole vya mguu, vuta hadi usawa wa nyonga, toa, kisha upande wa pili, na unapovuta zungusha kiwiliwili chote maana mikono peke yake haifiki mbali, ukiona mabega yanawaka moto mapema jua kiuno hakifanyi kazi. Kayaki ikikata kwenda kushoto, piga kafi pana la nusu duara upande wa kushoto, itanyooka.

Halafu kabla hujaenda popote, jipindue makusudi, maji yakiwa kifuani na mwalimu yupo kando. Hili ndo somo lenyewe kwangu, wengi wanaliruka na si sawa. Ukianguka shika kayaki hapo hapo, usiiache, upepo unaikimbiza kuliko unavyoogelea. Igeuze, shika katikati, piga miguu nyuma mpaka mwili ulale juu ya maji, jivute tumbo lipite kwenye kiti, geuka ukalie makalio, miguu ije mwisho. Rudia mpaka ufanye bila kuhema.

Vaa mikono mirefu na kofia yenye kamba ya kufunga, beba maji ya kunywa na kipenga, simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji, na mtu wa nchi kavu ajue utarudi saa ngapi. Viatu pia, vya kufunga sio ndala, sababu ukiingia kwenye mikoko ile mizizi imejaa chaza na wanakata kama wembe, pale sukuma kwa kafi, usishike kwa mkono.