Jinsi ya kujifunza kwenye ajali za wenzako kabla korongo halijakufikia wewe

Mbukwenyi jamani. Mi ni dereva, nabeba wafanyabiashara na mizigo yao kwenda minadani huku vijijini Dodoma, na kila mwaka mvua zikianza Desemba mpaka Aprili habari ni zile zile, gari imesombwa korongoni, bodaboda kaenda na abiria wake, mama kachukuliwa na maji akitoka shamba. Tukikaa stendi stori inapigwa dakika tano, halafu mmoja anasema "jamaa alikuwa mbishi" na hapo ndo imeisha, kila mtu anarudi kwenye gari yake. Naomba nieleze namna ninavyosikiliza stori ya ajali siku hizi, inaweza kumsaidia mtu.

Kitu cha kwanza acha kutafuta mjinga. Ukishasema alikuwa mbishi au alikuwa na haraka zake, umeshajitoa kwenye hiyo ajali, we si mbishi kwahiyo haikuhusu. Anza saa mbili au tatu kabla ya tukio, na ujiulize vitu alivyokuwa anaviona yeye pale, sio vile tunavyovijua sisi leo. Alikuwa anawahi nini? Nani alikuwa pembeni yake? Mbele yake nani alipita salama?

Nitoe mfano unaoniuma mpaka leo. Mwenzetu mmoja alikuwa anatoka mnadani saa kumi na moja jioni, asubuhi ile ile alipita korongo likiwa mchanga mtupu, watoto wanachimba visima vya maji katikati. Jioni akakuta maji, lakini kidogo, hayajafika nusu ya tairi. Gari mbili zikapita mbele yake. Abiria wana nyanya hazijauzwa, giza linaingia, konda anasema twende. Akashuka na gari korongoni. Alipofika katikati maji yakapanda ghafla, gari ikalala ubavu, na konda hatukumpata mpaka kesho yake asubuhi. Stendi wakasema mzembe. Mi nilikuwa gari ya tatu nyuma yake, mguu uko kwenye klachi, nasubiri apite nami nifuate, kwahiyo hilo neno mzembe sikuweza kulitamka, maana kwa yote aliyoyaona yeye hata mimi ningepita.

Baadaye nikaja kusoma kuhusu watu ambao kazi hii ya kuchambua ajali wanaifanya kwa utaratibu kabisa, wale wanaoteleza na kupanda milima ya theluji huko Marekani, Kanada na Ulaya. Kwao kinachoua ni maporomoko ya theluji, pande zima la theluji linakatika kwenye mteremko, mara nyingi wa nyuzi 30 mpaka 45, na kwenye ajali nyingi za vifo aliyelikata ni mhanga mwenyewe au mtu wa kundi lake. Ukifukiwa, nafasi ya kutoka hai ni kubwa ndani ya dakika 15 hivi, baada ya hapo inashuka vibaya sana, yaani hata wa kukufukua lazima awe ni huyo huyo uliyekuja naye. Sasa mtafiti mmoja anaitwa Ian McCammon alichambua ajali 715 za kule Marekani, za kuanzia 1972 mpaka 2003, akaona kwamba wengi walikuwa na mafunzo na dalili za hatari zilikuwa wazi, ila kuna vitu vinawavuta. Mazoea na sehemu. Kung'ang'ania mpango uliopangwa. Kumwachia mjuzi aamue. Kutaka kuonekana mbele za watu. Kuona wengine wamepita. Na ile kugombea nafasi kabla haijaisha. Nilivyosoma hiyo orodha nikamuona mwenzetu wa korongoni waziwazi, theluji sijawahi kuigusa lakini yale ya moyoni ni yale yale.

Kuna ajali yao moja naikumbuka sana, Tunnel Creek, jimbo la Washington, Februari 19, 2012. Kundi lilikuwa kubwa, zaidi ya watu kumi, wengi wao wazoefu hasa, na baadhi walikuwa na wasiwasi moyoni lakini kila mmoja akiangalia pembeni anaona majina makubwa, anasema kama kungekuwa na shida hawa wangeshasema. Wakafa watatu. Kwahiyo ukisikia ajali uliza pia hili, nani alikuwa na mashaka akanyamaza, na kwanini alinyamaza. Kwenye gari yangu siku hizi tukifika kwenye maji nazima injini kabisa, namuuliza konda kwanza, halafu yule mama aliyekaa nyuma, kabla mimi sijasema langu. Nikianza mimi hakuna atakayenipinga, ndo tulivyolelewa, dereva kashasema.

Ila sio kila ajali ina somo la pale pale. Hanang, huko Manyara, Desemba 3, 2023, alfajiri, tope na mawe na magogo yakashuka mlimani yakifuata njia za maji mpaka Katesh, wakafa watu zaidi ya 80, wengine majumbani mwao. Pale huwezi kumuuliza marehemu alikosea wapi alfajiri ile, na tafadhali tusifanye hivyo. Ya kujifunza ni ya miaka ya nyuma, maji ya mlima yanapita wapi, na nyumba iko wapi. Mtu anayenunua kiwanja cha bei poa Dodoma mwezi wa nane aende na mzee wa pale pale, amuulize hapa maji yalifika wapi mwaka ule wa mvua nyingi. Korongo kavu linafanana kabisa na kiwanja.

Vitu vya maji vyenyewe vijue kwa namba maana macho yanadanganya. Maji ya kasi ya sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, 30 yanaweza kubeba gari ndogo, 60 yanabeba gari nyingi tu hata zile kubwa kubwa. Na usiangalie mawingu ya kwako, mvua inanyesha huko juu milimani wewe uko kwenye jua kali, mchanga mkavu, halafu unasikia mvumo kama lori linakuja, na kabla ya maji unaona ulimi wa povu unatambaa na vijiti na mavi ya mbuzi. Ukiuona huo ulimi usianze kukimbia kwenda ng'ambo, rudi ulikotokea kama ndo karibu.

Halafu andika. Mi nina daftari la mia tano, kila ajali ninayoisikia naandika saa, sehemu, maji yalikuwaje, nani alipita kabla, walikuwa wanawahi nini. Ukifika ukurasa wa tano unaanza kuona jioni, kurudi mnadani, gari zilizotangulia. Ndo maana siku hizi uamuzi naufanya asubuhi, naagana na abiria kabisa kwamba tukikuta maji jioni tunalala ng'ambo hii, asiyetaka asipande, maana jioni na njaa na nyanya zinaoza huwezi kuamua vizuri.

Na zile za kuponea chupuchupu zieleze pia, aibu weka pembeni. Niliwaeleza wenzangu kwamba siku ile nilikuwa tayari kupita, wawili wakakiri nao walikuwa tayari. Tukaenda wote pale kwenye drifti, ile sakafu ya zege ya kuvukia korongo, tukachagua jiwe la upande wa juu, tukalipaka rangi nyeupe, na tumekubaliana likizama tunazima gari. Mwezi wa pili limezama mara mbili, tulilala kwenye magari, asubuhi tukapita mchangani.