Bata anayelowa: kutibu tezi ya mafuta na manyoya

Bata mwenye afya akitoka majini, maji humtiririka mgongoni kama kwenye jani la mgomba. Akitoka amelowa hadi kwenye ngozi, anatetemeka na manyoya yameshikana, usimrudishe bwawani: anaweza kufa kwa baridi, hata kuzama.

Anza na tezi ya mafuta, ambayo bata huchukua mafuta yake kwa mdomo na kujipaka manyoyani ili maji yasipenye. Panua manyoya juu kidogo ya shina la mkia. Utaona kijivimbe chenye chuchu na kishungi cha manyoya. Ukikigusa, kidole kinapaswa kubaki na mafuta. Kikiwa kigumu, kimejaa na hakitoi kitu, kimeziba. Kikande kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto yanayovumilika mkononi, dakika 10, mara 2 au 3 kwa siku, kisha sugua taratibu kuelekea kwenye chuchu. Usikamue kwa nguvu. Tezi ikipasukia ndani, uvimbe huzidi. Ukiona usaha, damu au kidonda, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Tezi ikiwa nzima, tatizo mara nyingi ni uchafu. Muogeshe kwa maji ya vuguvugu na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, suuza mpaka povu liishe kabisa (sabuni ikibaki, manyoya yataendelea kunywa maji), mkaushe, mlaze kwenye maranda makavu. Kagua pia chawa na utitiri.

Mpe beseni la maji safi lenye kina cha kuzamisha kichwa chote, pamoja na mchicha na karoti iliyokunwa kwa ajili ya vitamini A. Manyoya yaliyokatika hayaponi; husubiri kunyonyoka na kuota mapya.