Jinsi ya Kuiandaa Kwaya ya Shule kwa Masikio ya Majaji

Ukiwa mwalimu unayeiandaa kwaya kwa tamasha la shule jijini Dar es Salaam, iwe ni katika ngazi ya kata au katika safari ndefu ya UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani mashindano ya kitaifa ya shule za msingi na ya sekondari, omba mwongozo wa mashindano na karatasi ya alama kabla hujachagua wimbo. Karatasi hizo hutofautiana, lakini kwa kawaida hugusa usahihi wa tuni (yaani kila noti kuimbwa kwa kimo chake), ulinganifu wa sauti, matamshi, mwendo, ufikishaji wa ujumbe na mwonekano jukwaani. Tazama kila kipengele kimepewa alama ngapi, ndipo upange saa za mazoezi. Nimeona kwaya nyingi zikimaliza wiki nzima kwenye sare na hatua za kucheza, ilhali tuni yenyewe haijakaa, na jambo hilo huniuma kwa sababu watoto walikuwa na uwezo.

Tuni ndiyo inayoonekana mapema zaidi. Kwaya inayoimba bila kinanda huelekea kushuka polepole bila wenyewe kujua, hata iliyoanzia G ikamalizia F, na jaji hahitaji zaidi ya uma wa sauti au kinanda kidogo kuligundua hilo. Wape waimbaji noti ya kuanzia, waimbe wimbo wote bila kusaidiwa, kisha piga tena noti ileile na wasikie wenyewe tofauti. Baada ya hapo tafuta mahali waliposhukia. Mara nyingi ni kwenye mi au ti, noti ya tatu na ya saba za ngazi ya do re mi, iliyoimbwa kwa uvivu, au mwisho wa sentensi ndefu ambapo pumzi imekwisha. Rekebisheni kipande hicho peke yake kwa do re mi, taratibu, badala ya kuurudia wimbo mzima mara kumi.

Katika ulinganifu, jaji hutaka kusikia kwaya moja, si mtoto mmoja mwenye sauti kubwa. Shule za sekondari zina kazi ya ziada: wavulana ambao sauti zao zinavunjika wasilazimishwe kuimba besi wala kubaki juu walikozoea, bali watungiwe mstari wa noti chache za katikati wanazoziweza bila kukaza koo.

Matamshi ndipo tunapopoteza alama tusizostahili kupoteza, kwa kudhani kwamba Kiswahili ni lugha yetu na hakihitaji mazoezi. Mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo pigo zito la muziki liangukie hapo: shuLEni, si shuleNI. Chukua wimbo wa usalama wa watembea kwa miguu. Neno «barabara» likikaziwa baRAbara humaanisha sawasawa, na likikaziwa baraBAra ndipo linakuwa njia ya magari, hivyo mtunzi asiyeangalia hupotosha ujumbe wenyewe unaopimwa. Kumbuka pia kwamba «m» ya «mtoto» ni silabi kamili na inastahili noti yake, na kwamba «ng'» ya ng'ombe haifanani na «ng» ya ngoma. Msomeshe kila mwimbaji maneno kwa kuyasema katika mwendo wa wimbo kabla ya kuyaimba.

Jukwaani, waimbaji wamtazame kiongozi, waanze pamoja na wakate sauti pamoja. Muda uliopangwa uheshimiwe, na wimbo upimwe kwa saa mapema. Mkiimba uwanjani, ambako sauti hairudi, wapange kwa nusu duara ili wasikilizane, na fanyeni mazoezi ya nje angalau mara mbili, maana kwaya iliyozoea darasa hupaza sauti kupita kiasi ikitoka nje.

Siku yenyewe, wakataze kuimba kwa kelele ndani ya daladala. Najua ni furaha yao, lakini safari kutoka Mbagala au Kigamboni kwenye joto na foleni hutosha kukausha koo kabla jaji hajakaa kitini. Wanywe maji na wapashe sauti kwa kuimba polepole wakiwa wamefumba midomo. Matokeo yakishatangazwa, omba maoni ya majaji kwa maandishi, kisha uyasome pamoja na wanafunzi katika mazoezi yanayofuata, na kila kipande kilichotajwa kiimbwe tena palepale.