Kutambua makangaga ya Dryopteris katika Aktiki na kuyaweka kwenye ramani

Nenda Julai au Agosti, spora (chembe za uzazi zilizo chini ya jani) zikiwa zimeiva. Beba lenzi inayokuza mara 10, wembe, GPS na magazeti makavu ya kukaushia sampuli.

Hatua ya 1: Hakikisha jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana. Kata kikonyo karibu na shina, utazame mkato. Dryopteris ina mishipa mitatu au zaidi iliyopangika kama upinde. Cystopteris na Athyrium, jenasi nyingine za makangaga, zina miwili. Kisha geuza jani. Utando unaofunika spora uwe na umbo la figo. Ukikuta nyuzi nyembamba zinazochomoza chini ya kifungu cha spora, hiyo ni Woodsia, jenasi nyingine tena. Hii ndiyo inayopoteza wengi, maana nayo huota kwenye nyufa za majabali.

Hatua ya 2: Tenga D. fragrans (D. ni kifupi cha Dryopteris). Majani yake ni mafupi, mara nyingi chini ya sentimita 25, na yana tezi zinazotoa harufu nzuri ukiyasugua. Majani yaliyokufa miaka iliyopita hubaki yamejikunja kuzunguka shina. Usiyasafishe unapochukua sampuli! Bila hayo, anayeikagua baadaye amepoteza alama bora kuliko zote.

Hatua ya 3: D. expansa. Jani hugawanyika mara tatu, wakati D. filix-mas haizidi mara mbili. Kazi ngumu ni kuitofautisha na D. dilatata. Chukua tawi la chini kabisa la jani, pima kijijani (jani dogo) cha kwanza kinachoelekea chini: kwa expansa mara nyingi hufikia nusu ya urefu wa tawi lote. Mstari mweusi kwenye magamba ya kikonyo usiutegemee peke yake. Ukibaki na shaka, maabara ihesabu kromosomu: expansa ina 82, dilatata 164.

Hatua ya 4: Ramani. D. fragrans imezunguka ncha ya kaskazini: Alaska, Kanada, Greenland, Siberia, hadi kaskazini mwa Ufini. D. expansa hubaki kusini zaidi, kama Norwei, Iceland, kusini mwa Greenland na Kamchatka. Kabla ya kuingiza rekodi za zamani, rekebisha majina: D. assimilis ni expansa, na "D. dilatata" ya Alaska nayo kwa kawaida ni expansa. Lililoandikwa D. austriaca laweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo litafutie sampuli yenyewe.

Weka nukta, usipake rangi eneo zima. Fragrans hushika jabali moja ikaruka bonde zima. Kwa kila nukta andika aina ya mwamba, mwinuko na upande mteremko unakoelekea.