Mashine ya usingizi inakusaidia kweli? Uliza mchana wako

Watu wengi wenye apnia ya usingizi, yaani koo linaziba na pumzi inakatika ukilala, wakipewa CPAP, mashine ya kusukuma hewa kwa maski ili koo lisizibe, wanaamka tu wanaangalia ile namba kwa skrini, ikiwa chini ya 5 wanafurahi, yaani pumzi imekatika ama kupungua chini ya mara 5 kwa saa, na kweli hiyo ni poa, lakini mashine haijui kama saa nane mchana ulisinzia dukani wateja wakikuangalia.

Chukua kitabu kidogo uanze kuandika kabla hata ya usiku wa kwanza na maski, ndio baadaye uwe na kitu ya kulinganisha. Tumia maswali 8 ya Epworth ya kupima usingizi wa mchana, yalitungwa na daktari Murray Johns wa Australia 1991: mfano ukisoma, ukitazama TV, ukikaa kimya baada ya lunch, ukiwa abiria saa nzima, unaweza sinzia? Kila swali unajipa 0 mpaka 3, jumla ikipita 10 usingizi umezidi. Mimi hilo la abiria ndio lilinishtua. Nikitoka Nakuru kuenda Kisumu, zamani hata Salgaa nilikuwa siioni, siku hizi naangalia majani chai ya Kericho yote mpaka mchele wa Ahero. Rudia kila Jumapili, na uulize mwenye mnalala naye, juu wewe huwezi jisikia ukikoroma.

Usihukumu kwa siku mbili, kuna mtu anaona tofauti wiki ya kwanza na mwingine anangoja miezi. Angalia pia masaa unayovaa maski. Kisumu na hilo joto watu wanatoa maski saa tisa usiku, na ndoto nyingi huja kuelekea asubuhi, wakati ambao koo la wengi linaziba zaidi, so umelindwa nusu tu.

Namba ni poa, unaivaa usiku mzima na bado unasinzia? Beba hicho kitabu kwa daktari, inaweza kuwa damu imepungua, thairoidi, dawa unazomeza ama mawazo. Na ukijisikia fiti usiiache tafadhali, koo bado litaziba na presha haitakuambia ikipanda. Saa hizi kama jumla yako imepita 10, usishike stering, panda matatu kwanza.