Jiko la pipa la kuchomea mishkaki na samaki, lisiloliwa haraka na kutu

Pipa la chuma la lita 200, lenye urefu wa sentimita 88 hivi na upana wa 58, ukilipasua kwa urefu hutoa majiko mawili. Tafuta lililobeba mafuta ya kupikia. La petroli au dawa ya shamba liache hata ukipewa bure: mvuke uliojificha ndani hulipuka ukiguswa na cheche ya grainda, na sabuni haiuondoi wote. Hata hilo la mafuta ya kupikia, fungua vizibo vyote viwili na ulioshe kwa maji moto kabla ya kulikata. Ukimaliza, pitisha tupa kwenye kingo zote.

Majiko mengi huharibikia kwenye matundu. Fundi hutoboa chini kabisa kitakoni, jivu linayaziba, makaa yanakosa hewa, na mpishi anashinda akipepea. Toboa ubavuni, sentimita 5 kutoka kitakoni, matundu ya milimita 12 yaliyoachana sentimita 10. Wavu wa makaa uunde kwa nondo za milimita 8, ukae sentimita 8 juu ya kitako, ili hewa ipite chini yake na jivu lidondoke.

Toboa upande mmoja tu. Kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi kaskazini-mashariki, basi ukitaka moto mkali yaelekeze matundu kwenye upepo, na ukitaka wa taratibu ligeuze jiko. Ukitoboa pande zote mbili upepo hupenya moja kwa moja: nyama inaungua nje na ndani mbichi, na cheche zinaruka. Wenye paa la makuti, Malindi au Lamu, wasithubutu kuliwasha karibu nalo. Wala usiliingize chumbani, maana hewa ya makaa huua bila harufu.

Wavu wa kuchomea samaki ukae ukingoni, sentimita 15 hivi juu ya makaa. Mishkaki hutaka moto wa karibu: chomelea vyuma viwili ndani, sentimita 7 chini ya ukingo, uilaze juu yake. Kifuniko ni cha kuku mzima au samaki mkubwa. Kwa mishkaki ni gharama ya bure.

Usitumie waya au bati lenye zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420, na ikizidi joto hutoa moshi mweupe unaomtia mtu homa. Nondo tupu zatosha, na chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi ukikimudu.

Miguu ni vyuma vya pembe vya inchi moja na nusu, vilivyopanuliwa kidogo chini, ukingo ufike sentimita 85. Ifunge kwa bolti, usiichomelee, hasa ukiwa Lamu: jiko linafunguka, linashuka botini kutoka Mokowe, gati la bara, na kupita vichochoroni juu ya punda bila kukwama.

Kabla ya chakula cha kwanza washa kuni ndani kwa saa moja au mbili mpaka rangi yote iungue, ukisimama upande upepo unakotoka. Sugua kwa brashi ya waya, kisha paka mafuta ya kupikia jiko likiwa bado vuguvugu.

Mchanga wa ufuoni usitandaze kitakoni, una chumvi. Jivu nalo lizoe kila likipoa, kwani likinyonya unyevu wa bahari hugeuka tope linalokula chuma, na kitako hutoboka mapema kuliko ubavu.